Presha Isiyoshuka na Chumvi ya Mezani

Leo twataka kuzungumza juu ya mgonjwa ambaye ameza vidonge vya presha kila siku, wala presha haishuki. Watu wa nyumbani wamshuku kwamba huvitupa. Je, kosa ni lake? Huenda hana kosa lolote.

Tuziangalie figo zetu. Presha ikishuka mno, figo hutoa kitu kiitwacho renini. Hicho hufanya mishipa ijikaze, na tezi mbili zilizo juu ya figo zitoe homoni ya aldosteroni, ambayo huuzuia mwili usipoteze chumvi. Nayo chumvi hushika maji. Twaijua ile iliyoachwa wazi jikoni wakati wa mvua, jinsi inavyolowa.

Lakini miili mingine imekwisha kushika chumvi kupita kiasi. Mishipa imejaa, basi figo hupunguza renini, na presha ingali juu. Hali hii huonekana zaidi kwa wazee na kwa watu wenye asili ya Afrika. Kwa wengine, figo hazitoi chumvi upesi. Kwa wengine, tezi hutoa aldosteroni bila kuamriwa; ugonjwa huu ulielezwa na Daktari Jerome Conn wa Marekani mwaka 1955.

Kwa hiyo dawa ya kuzuia kazi ya renini, ikitumiwa peke yake, mara nyingi haiwatoshi watu hawa. Hufaa zaidi dawa za kutoa chumvi kwa njia ya mkojo, au amlodipini inayolegeza mishipa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019, wa wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, ulionyesha kwamba michanganyiko yenye amlodipini ilishusha presha kuliko ule usio nayo. Aldosteroni ikizidi, kuna spironolaktoni. Na kama tezi moja tu ndiyo yenye kasoro, yaweza kuondolewa kwa upasuaji.

Basi tufanye nini? Chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo katika mkate. Tusiazimane vidonge, wala tusiache dawa kwa kukata tamaa. Turudi kwa daktari, tumwulize kama damu yaweza kupimwa renini na aldosteroni. Na yule mgonjwa wetu tusimkaripie. Tumsindikize hospitali kabla hajapooza.