Steji yako ilipangwa ukiwa wapi?

Mvua ikianza kunyesha Nakuru saa kumi na mbili jioni, makanga haitishi mkutano wa kukusanya maoni. Anataja nauli mpya tu, na msee wa Kaptembwo, Rhonda ama Free Area anaamua papo hapo: alipe, apande boda ama alowe akitembea. Tukishaingia ndani tunalalamika safari nzima. Tukishuka, tumesahau.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hadhi hiyo haikuja na mabasi. Bado tunategemea matatu, tuktuk na bodaboda, na wakati wa kupanga usafiri wa kesho ukifika, wenye magari hufika kikaoni kabla ya abiria. Siwalaumu. Biashara ni yao, lazima wailinde. Lakini abiria naye ana pesa yake humo, kila asubuhi na kila jioni.

Kabla ya kupiga kelele, jua unampigia nani. Nauli hupangwa na sacco na wenye magari, si serikali. Leseni hutolewa na NTSA, na kanuni za 2014 zinataka kila matatu iwe chini ya sacco ama kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Barabara kuu inayopita mjini kuelekea Eldoret ni ya KeNHA. Sasa angalia Jedwali la Nne la Katiba: barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani ni kazi ya kaunti. Kwa hivyo mahali steji itawekwa, kama kutakuwa na paa la kujikinga mvua, kama kutakuwa na taa ili dada asisimame gizani saa mbili usiku, hayo yote unamuuliza gavana na mwakilishi wako wa wadi.

Usidhani suala la steji ni dogo. Ikisogezwa kilomita mbili kutoka tao, makanga hajaongeza hata shilingi, lakini wewe unalipa matatu halafu unalipa boda kufika kazini. Hiyo ni nauli imepanda, ila haijaandikwa popote.

Kaunti nayo haitumii pesa bila karatasi. Kuna mpango wa maendeleo wa miaka mitano, ule ambao maofisini utasikia ukiitwa CIDP. Halafu kuna mpango wa kila mwaka, ambao Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka ufikishwe katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha hufuata kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Steji ambayo haimo kwenye karatasi hizo haijengwi, hata mkijaza mitandao kwa hashtegi wiki nzima.

Shida ni vikao vyenyewe. Mara nyingi huwa siku ya kazi, asubuhi, kwenye ukumbi fulani, na kijitabu cha Kiingereza kinachogawiwa mlangoni dakika chache kabla ya kuulizwa maoni. Mwanafunzi wa Egerton kule Njoro yuko darasani, umbali wa kilomita 25 hivi. Fundi yuko gereji. Mama mboga hawezi kuacha meza. Wanaobaki ni wale wale, na picha yao ndiyo itakayothibitisha kwamba umma ulishirikishwa.

Hapo ndipo sheria ina meno. Mwaka 2014, katika kesi ya Robert Gakuru na wenzake, Mahakama Kuu ilifutilia mbali Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji George Odunga alisema bunge la kaunti linapaswa kuwafikia watu kwa njia nyingi iwezekanavyo, zikiwemo makanisa, misikiti, mabaraza na redio. Tangazo moja gazetini halikutosha. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inampa mkazi haki ya kuwasilisha malalamiko rasmi kwa kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake, na hapo hakuna kungoja mtu akualike.

Lakini uende na nini? "Usafiri ni mbaya" haimsaidii yeyote. Kule Nairobi, watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Marekani walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi kila njia na kila kituo. Mradi huo, Digital Matatus, ulitoa ramani ya zaidi ya njia 130 mwaka 2014, na baadaye data yake ikaingia Google Maps. Simu kama hizo tunazo mfukoni. Vijana kumi wa Pipeline na Lanet wakiandika kwa wiki mbili tu saa waliyofika steji, saa waliyopata gari na nauli waliyolipa, watakuwa na karatasi ambayo afisa wa mipango hawezi kuipuuza kirahisi.

Kuna na hili la eneo zima. Nairobi na kaunti nne jirani zina NaMATA, mamlaka iliyoundwa 2017 kushughulikia usafiri wa pamoja. Nakuru haimo, ilhali watu wanatoka Molo, Naivasha na hata Nyahururu kuja kazini na shuleni. Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa Novemba 2025, utakuwa na ada. Ukisikia ada ya barabara, ujue mwenye gari hatailipa kutoka mfukoni mwake. Ataiweka kwenye nauli.

CIDP ya sasa inaishia 2027. Ile inayofuata, ya hadi 2032, itaandaliwa wakati ambapo wengi watakuwa wamechoshwa na siasa za uchaguzi wa Agosti. Mpango wa mwaka hausubiri huko: Julai na Agosti, pitia ofisi ya wadi uulize rasimu iko wapi na maoni ya maandishi yanapokelewa hadi lini. Ukiwasilisha, beba nakala ya pili igongwe muhuri.