Chujio la Giaboksi: Kitu Kidogo Kilindacho Pikapu Yako Milimani

Barabara itokayo Gitega kwenda Muyinga kwa kupitia Karuzi haimpi dereva nafasi ndefu ya tambarare. Gari hupanda kilima, likashuka bondeni, likapanda tena. Tangu Gitega ufanywe mji mkuu wa kisiasa wa Burundi mwaka 2019, watumishi wengi na jamaa zao wamepata sababu mpya za kwenda na kurudi huko. Na katika safari hizo, pikapu ya dizeli ndiyo punda wa familia. Leo imebeba maharage na ndizi, kesho saruji, keshokutwa vitanda na masufuria ya askari aliyepewa uhamisho.

Mzigo huo wote hauchukuliwi na injini peke yake. Nguvu ya injini hupita kwanza katika giaboksi, na giaboksi ikifa gari husimama hata kama injini ni nzima na tangi limejaa. Katika miaka hii ambayo dizeli, au mazutu kama wengi wetu tuiitavyo, imekuwa ikipatikana kwa shida, mwenye gari huwaza mafuta ya tangini tu, akayasahau yale mengine yaliyofichika chini ya gari. Makala haya yahusu mafuta hayo na chujio linaloyasafisha, kazi ambayo mtu mwangalifu aweza kuifanya mwenyewe nyumbani kwake.

Tuseme jambo moja mapema. Haya ni maelezo kwa ajili ya gari la familia. Gari la jeshi, la polisi au la ofisi ya serikali lina karakana yake na daftari lake la matengenezo, wala halifunguliwi uani.

JE, GARI LAKO LINA CHUJIO HILO?

Kabla ya kununua kitu chochote, tazama miguuni pa dereva. Ukiona pedali tatu, yaani klachi, breki na mafuta, gari lako ni la gia za mkono. Giaboksi nyingi za namna hiyo hazina chujio la kubadilisha. Zina oili nzito tu, ambayo humwagwa kwa kufungua nati ya chini, kisha oili mpya hutiwa kwa tundu la ubavuni mpaka ianze kuchuruzika pale tunduni. Muuza vipuri akijaribu kukuuzia chujio la giaboksi kwa gari hilo, mwombe akuonyeshe mahali linapofungwa.

Ukiona pedali mbili, na mkono wa gia una herufi P, R, N na D, hiyo ni giaboksi otomatiki. Humo mna mafuta mepesi, mara nyingi mekundu, ambayo kopo lake huandikwa ATF. Mafuta hayo hufanya kazi tatu kwa pamoja: hulainisha, hupoza, na kwa shinikizo lake huzifunga na kuzifungua klachi ndogo zilizomo ndani. Chujio limekaa chini kabisa, ndani ya bakuli ambalo mafundi huliita sampu, nalo huzuia unga wa klachi na chembe za chuma zisipande kwenye pampu na katika vijia vyembamba vya mafuta.

Kilima ndicho adui wa mafuta hayo. Gari lenye shehena likipanda polepole, mafuta huzungushwa kwa nguvu ndani ya konveta, yaani lile duara linalopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye gia kwa msukumo wa mafuta. Hapo joto hupanda. Mafuta yaliyochomwa na joto mara nyingi hupoteza wekundu wake, yakawa ya hudhurungi, kisha meusi yenye harufu ya kuungua. Kwa gari lifanyalo kazi nzito milimani, mafundi wengi hushauri mafuta na chujio vibadilishwe kati ya kilomita 40,000 na 60,000. Lakini kitabu cha gari lenyewe ndicho chenye neno la mwisho.

KUNUNUA

Magari mengi yaliyokwisha kutumika huingia nchini kwa kupitia bandari ya Dar es Salaam, na mengi yalitoka Japani, hata maandishi yake ni ya Kijapani. Kwa hiyo usiende dukani na jina la gari peke yake. Tafuta kibati cha chuma kilichopigiliwa chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango, unakili namba za gari na za giaboksi. Chujio la giaboksi ya gia nne laweza kufanana kwa umbo na la gia tano, lakini tundu lake lisioane.

Mafuta nayo yana aina. Toyota za zamani kwa kawaida hutumia yale ya Dexron, na nyingi za miaka ya karibuni hutumia yaitwayo WS. Usiyachanganye kwa sababu yote ni mekundu. Nunua pia gasketi mpya ya sampu na mpira wa duara wa chujio. Jihadhari na kopo lisilo na lakiri: mafuta yaliyomiminwa kutoka pipa la barabarani hayana cheti cha usafi wala cha aina.

USALAMA KWANZA

Chagua mahali palipo sawa na pagumu. Viwanja vyetu vingi vina mteremko, na mteremko ni hatari kwa mtu aliye chini ya gari, tena hudanganya kipimo cha mafuta. Vuta breki ya mkono, weka gia kwenye P, na uzibe magurudumu kwa vipande vya mbao mbele na nyuma.

Pikapu nyingi zimeinuka kiasi cha mtu kuweza kujipenyeza chini bila jeki, na hiyo ndiyo njia salama kuliko zote. Ikikubidi kuinua, fahamu kwamba jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Egemeza gari juu ya stendi za chuma, na uliegemeze pande zote nne ili likae sawa. Usitumie matofali wala mawe, maana hupasuka bila kuonya. Mtu mzima mmoja awe karibu muda wote, na watoto wakae mbali.

KAZI YENYEWE

Washa injini dakika chache ili mafuta yapate uvuguvugu, kisha uzime na usubiri nusu saa, kwani mafuta ya moto huunguza ngozi. Safisha sampu kwa nje kwa brashi na kitambaa mpaka udongo wote utoke. Punje ya mchanga ikiingia ndani huko, utakuwa umeharibu zaidi ya ulivyotengeneza.

Magari mengi mapya hayana kijiti cha kupimia mafuta haya, bali yana nati ya kujazia ubavuni mwa giaboksi. Fungua nati hiyo kwanza, kabla hujamwaga hata tone. Ikikataa kufunguka, gari lako bado lina mafuta yake nawe waweza kuliendesha hadi kwa fundi. Ukimwaga kwanza, utabaki na gari lisiloweza kwenda popote.

Sasa fungua nati ya chini, uyakinge mafuta katika chombo safi ili uyapime. Usishangae yakiwa machache: hutoka kama theluthi moja hadi nusu, mengine hubaki katika konveta na mabombani. Kama sampu haina nati ya kumwagia, legeza bolti zake kidogo kidogo upande mmoja ili iiname na kumwaga taratibu. Chora umbo la sampu juu ya kipande cha katoni, na kila bolti uichomeke mahali pake hapo.

Ukishusha sampu, tazama sumaku zilizomo ndani. Ute mwembamba wa kijivu ni jambo la kawaida. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa jicho ni habari mbaya: humo ndani kitu kimevunjika, na chujio jipya halitakitibu. Mafuta yaliyo kama maziwa yenye wekundu maana yake maji ya rejeta yamevuja na kuingia humo. Katika hali hizo mbili gari lipelekwe kwa fundi mwenye uzoefu.

Chujio la zamani likitolewa, mafuta mengine yataanguka pamoja nalo; yakinge nayo uyapime. Hakikisha ule mpira wa duara haukubaki juu tunduni. Mipira miwili ikikutana, chujio halikai, pampu hunyonya hewa, na gari hukataa kupanda kilima. Baadhi ya machujio ni ya wavu wa chuma na huweza kuoshwa, lakini yale ya kitambaa hutupwa.

Osha sampu na sumaku, zikaushe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kwangua gasketi kuukuu bila kuchuna bati. Funga bolti zote kwa vidole kwanza, kisha uzikaze kwa kukingamisha pande, kwa spana fupi na nguvu ya kiasi. Bolti hizi ni nyembamba na hukatika upesi. Gasketi haizuii mafuta kwa kubanwa mno, bali kwa kubanwa sawasawa.

KUJAZA NA KUPIMA

Tia mafuta mapya kwa kiasi kile kile kilichotoka. Washa injini, kanyaga breki kwa nguvu, na upitishe mkono wa gia katika kila nafasi, ukituliza sekunde chache kila mahali. Rudisha kwenye P. Penye kijiti, pima injini ikiwa inawaka na mafuta yamepata moto, kwa alama ya moto. Ila watengenezaji wachache huagiza kipimo kifanywe gia ikiwa N. Pasipo kijiti, hupimwa kwa tundu la chini, mafuta yakiwa katika joto lililotajwa kitabuni; kwa Toyota nyingi ni karibu nyuzi 35 hadi 45. Usipokuwa na njia ya kupima joto hilo, hatua hii ya mwisho mwachie fundi. Mafuta yakipungua gia huteleza, na yakizidi hutoa povu; yote mawili huua giaboksi.

Mafuta yaliyotoka yasimwagwe kamwe bondeni, ambako ndiko kwenye mpunga, maharage na chemchemi. Yatie katika dumu, yafungwe, yapelekwe karakana. Nanyi mlio nyumbani, kumbukeni kwamba ATF ina wekundu wa sharubati. Isiwekwe hata siku moja katika chupa ya soda, wala mahali ambapo mkono wa mtoto wafika.

Asubuhi ya pili, tandaza katoni chini ya giaboksi uone kama kuna tone. Kisha andika katika daftari la gari tarehe, idadi ya kilomita na aina ya mafuta uliyotia. Askari azoeaye kukagua silaha yake hangoji ikwame vitani, na giaboksi nayo haifai kungojewa ikwame katikati ya kilima cha Karuzi, usiku, na familia nyuma. Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Chujio ni mwiba huo: bei yake ni ndogo, na mtu hulikumbuka siku anapotajiwa bei ya giaboksi nzima.