Kabla ya Kununua Ruta

Vijana wa Kitui na Makueni wanaosomea mitandao ya kompyuta huniuliza swali moja kuliko mengine yote: wanunue ruta gani ya kufanyia mazoezi nyumbani? Jibu langu huwavunja moyo kidogo. Usinunue yoyote, angalau kwa sasa.

Hebu tupige hesabu. Mtihani wa CCNA, cheti cha kampuni ya Cisco ambacho wengi huanza nacho, hugharimu dola 300 kabla ya kodi. Dola ikiwa shilingi 130, hizo ni shilingi 39,000. Kwa mwanafunzi aliyepanga chumba Kwa Vonza, karibu na Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, huo ni mzigo. Pesa anazotumia kukusanya vyuma chini ya kitanda anazitoa kwenye ada hiyo. Kisha atakaa mbele ya mtihani wa dakika 120 ambao haujali anamiliki nini. Unachopima ni kama anaweza kufuata pakiti ya data hatua kwa hatua, na ikikwama ajue imekwama wapi.

Maabara ya nyumbani ni ruta na swichi chache, za kweli au za kuigiza, zilizotengwa na mtandao wa watu wengine ili uziharibu bila kupigiwa simu na bosi. Msisitizo uko kwenye kuharibu, na hilo laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 inalimudu kwa sababu ya Packet Tracer, programu ambayo Cisco hutoa bure kwa yeyote mwenye akaunti ya Networking Academy. Ukishaipakua pahali penye Wi-Fi nzuri, kazi zako zinakaa kwenye laptopu na hazili bando.

Lazima ujue mipaka yake. Packet Tracer huigiza tu: amri ambazo waliotengeneza programu hawakuziingiza hazipo, na tabia nyingine za ruta halisi hutaziona. GNS3, programu nyingine, huendesha mfumo wenyewe wa ruta ndani ya kompyuta, lakini inataka RAM ya GB 8 au zaidi, na mfumo wa Cisco unapaswa kuupata kwa leseni. Faili zinazozungushwa kwenye flashi vyuoni ni za wizi, tusipambe maneno. Siku hizi Cisco wana toleo la bure la Modeling Labs lisilozidi vifaa vitano, nalo linatosha kwa mengi. Hata hivyo kwa CCNA, Packet Tracer itakubeba sehemu kubwa ya njia.

Sasa ujenge nini humo? Vitabu vingi hukupa ofisi ya kubuni yenye idara ya mauzo na idara ya fedha, na mwanafunzi hunakili bila kufikiri. Mimi hupendekeza kaunti. Anwani zinazoanza na 10 zimetengwa tangu 1994 kwa mitandao ya ndani, mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia. Namba ya pili iwe namba ya kaunti: Kitui ni 15, Machakos 16, Makueni 17. Namba ya tatu iwe eneobunge. Kitui ina manane na Makueni sita, kwa hiyo 10.15.3.0 inaweza kuwa Mwingi ya Kati na 10.17.5.0 Kibwezi Magharibi. Ofisi yenye kompyuta 50 uipe kipande cha /26, chenye nafasi 62. Hapo hesabu ya kugawa anwani, ile inayowatoa jasho watahiniwa, inakuwa hesabu ya mahali unapopajua.

Kisha jaribu kufupisha. Ruta haipendi kubeba orodha ndefu ya njia. Ikiweza kusema kwa mstari mmoja kwamba Makueni yote iko upande huu, itasema 10.17.0.0/16 na kunyamaza. Machakos na Makueni, 16 na 17, zinaingia pamoja kwenye 10.16.0.0/15 bila shida. Kitui inakataa. Ni jirani, lugha ni moja, ng'ambo tu ya Mto Athi, lakini kwa hesabu ya kompyuta 15 huandikwa 01111 na 16 huandikwa 10000. Tarakimu zote tano zimebadilika kati ya namba mbili zinazofuatana! Pacha wa 15 ni 14, yaani Embu. Ukilazimisha Ukambani nzima, yaani kaunti hizi tatu, iwe mstari mmoja, mstari finyu kuliko yote unaoweza kuifunika ni 10.0.0.0/11, na huo umebeba kaunti zote kuanzia Mombasa, namba 1, hadi Laikipia, namba 31.

Usiishie kwenye daftari. Uingize mstari huo kwenye Packet Tracer, uone ruta yako ya mji wa Wote, Makueni, ikijitangaza kuwa mwenyeji wa Mombasa. Mwanzoni hakuna litakaloharibika, kwa kuwa ruta hufuata njia iliyo mahususi zaidi, na njia halisi ya Mombasa bado ipo. Ondoa njia hiyo ya Mombasa sasa. Pakiti za Mombasa zitageuka, zitapanda hadi Wote, na zitapotelea huko. Hitilafu za namna hii hutokea kwenye mitandao mikubwa duniani, na wewe umeitengeneza kwa makusudi ukiwa umekaa kitandani.

Zoezi la pili ninalolithamini linatokana na vilima vyetu. Mahali faiba haijafika, mtandao huruka kwa redio kutoka mlingoti hadi mlingoti. Chora pembetatu ya ruta tatu, WOTE, MACHAKOS na KITUI, zote zikitumia itifaki ya OSPF, ambayo huzifanya ruta ziambiane njia zilizopo. Baina ya WOTE na KITUI usiweke kebo moja kwa moja. Weka swichi mbili zilizoungana, ziwe badala ya redio mbili. Kwenye kompyuta ya upande wa Wote anzisha pingi isiyokoma kuelekea Kitui, halafu futa kebo iliyo kati ya zile swichi mbili.

Pingi itakatika, na taa za ruta zitabaki kijani. Kila ruta inaona swichi iliyo karibu nayo ikiwa hai, haina habari kwamba ng'ambo kumekatika. OSPF hutuma ujumbe wa salamu kila sekunde 10, na jirani huhesabiwa amekufa baada ya sekunde 40 za kimya. Kwa hiyo utakaa kati ya sekunde 30 na 40, kutegemea salamu ya mwisho ilipita lini, kabla trafiki haijazunguka kupitia Machakos. Katika simu ya WhatsApp muda huo ni mrefu vya kutosha mtu akate na kutukana. Kama ungekatika waya uliochomekwa kwenye ruta yenyewe, mlango ungezima na njia ingebadilika karibu papo hapo.

Punguza salamu ziwe sekunde 1 na kimya kiwe sekunde 4, lakini fanya hivyo upande mmoja tu. Ujirani utavunjika kabisa, kwa sababu OSPF hudai pande zote mbili zitumie muda uleule. Hitilafu hii haitangazwi kwa kelele. Utaitafuta kwa kulinganisha ruta moja na nyingine, mstari kwa mstari, na kutafuta huko ndiko kazi yenyewe ya fundi wa mtandao.

Vyuma navyo vina nafasi yake. Programu haitakufundisha kubana kichwa cha kebo ukiwa na nyuzi nane mkononi, kuanzia nyeupe-chungwa hadi kahawia, na ule wa nne, wa bluu, ukichomoka kila unapokaribia. Wala haitakupa swichi ya mtumba iliyofungwa kwa nywila ya mtu usiyemjua. Ukibahatika kupata Catalyst 2960 ya bei ya chini, huenda ikaja na nywila hiyo. Unaunganisha kebo ya konsoli, mara nyingi ile bapa ya bluu-mpauko, ukiwa na adapta ya USB. Unaweka kasi ya 9600, unabonyeza kitufe cha Mode huku ukiwasha, na inakusimamisha mlangoni kabla haijasoma usanidi wake. Unaandika flash_init, unabadilisha jina la faili ya config.text, unaiwasha upya, na sasa ni yako.

Halafu unashangaa. Umeuweka kando usanidi wote, lakini VLAN (migawanyo ya mtandao ndani ya swichi) za mmiliki wa zamani bado zipo, pengine na majina ya idara za kampuni aliyokuwa nayo. VLAN huhifadhiwa kwenye faili yake, vlan.dat, ambayo nayo lazima uifute. Ukikutana na jambo hilo kwa mikono yako mara moja hulisahau.

Tatizo la vyuma vya ofisi ni kwamba vilitengenezewa chumba chenye kiyoyozi. Feni zake hupiga kelele usiku kucha na hufyonza vumbi lote la kiangazi, na nyumba ya mabati mchana wa Februari haivisaidii. Tena stima. Ruta mbili na swichi mbili zikivuta wati 150 kwa jumla, saa nne kwa siku ni uniti 18 kwa mwezi. Aliyekuwa akitumia uniti 20 anavuka 30, na anatoka kwenye bei nafuu ya watumiaji wadogo. Na stima ikipotea kabla hujaandika copy running-config startup-config, kazi ya jioni nzima imekwenda nayo. (Hakuna mwalimu anayefundisha kuhifadhi kazi vizuri kuliko tokeni iliyokwisha saa tatu usiku.)

Ndiyo maana, chuma cha kwanza ninachoshauri si cha Cisco. Ni ruta ndogo ya MikroTik, kampuni ya Latvia iliyoanza 1996. Modeli ya hAP lite hupatikana kwa pesa zisizofika bei ya mbuzi sokoni. Ina milango minne, hutumia umeme wa volti 5 kupitia tundu la USB, kwa hiyo pawa benki inaiendesha stima inapopotea. Mfumo wake, RouterOS, ndio utakaoukuta kwa wauzaji wengi wadogo wa Wi-Fi, wale wa vocha za shilingi kumi kumi. Amri ni tofauti na za Cisco, lakini OSPF ni ileile, VLAN ni zilezile, na anwani zako za kaunti zinahamia bila kubadilika. Anayetaka kuweka ruta kadhaa ndani ya laptopu anaweza kutumia toleo la bure la mfumo huohuo, ambalo kila mlango umewekewa kikomo cha megabiti 1 kwa sekunde. Kwa mazoezi yatosha.

Wapo wanaodharau MikroTik kwa kuwa cheti wanachokitafuta ni cha Cisco. Naona wanajinyima. Huko Konza, ndani ya Makueni, serikali ilizindua mji wa teknolojia mwaka 2013 na sasa kuna kituo cha data, na vifaa vya kituo kama hicho ni vya daraja jingine kabisa. Lakini nafasi huko ni chache, na ajira ya kwanza ya kijana wa Wote au Mwingi ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa juu ya paa la duka, jua likichoma, mkononi ana kifaa cha MikroTik.

Kuhusu siku ya mtihani: unaruhusiwa kuufanyia nyumbani, kamera ikikutazama na chumbani usiwepo mtu mwingine, kwa intaneti isiyoyumba. Kwa chumba cha ploti chenye watoto mlangoni na stima ya kubahatisha, mimi singethubutu. Nenda kituo cha Nairobi, ulale kwa ndugu usiku wa kuamkia. Lipa ada siku ile unapoweza kujenga pembetatu ya Wote, Machakos na Kitui kuanzia sifuri bila kufungua daftari, kisha umpe rafiki aiharibu mahali pamoja usipopajua, na uipate hitilafu hiyo kabla hajamaliza chai. Cheti kitadumu miaka mitatu, baadaye utakihuisha. Faili za Packet Tracer usizifute.