Mkakati tulikuwa nao, mbona eCitizen ilizimika?

Julai 2023, kama ulikuwa Kenya, huenda ulijaribu kununua tokeni za stima ukagonga mwamba. eCitizen, mlango wa huduma zaidi ya 5,000 za serikali, nao ulikuwa umelemewa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Serikali ikasema hakuna data iliyopotea.

Inawezekana kabisa, maana shambulio la aina hii lenyewe haliibi kitu. Fikiria kaunta moja ya posta, halafu watu elfu kumi wajipange foleni kuuliza tu saa ngapi. Wewe mwenye barua utafikiwa lini? Seva nayo hurushiwa maombi ya uongo mpaka ikwame.

Sasa, sheria ya makosa ya kompyuta ilikuwepo tangu 2018, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2027 ulishaandikwa. Shida ni kwamba waraka hauendeshi seva. Mitambo imegawanyika kati ya wizara na kampuni binafsi, na kampuni ikivamiwa huona afadhali inyamaze kuliko wateja waikimbie. Zito zaidi, kwa maoni yangu, ni hili: huduma zote mahali pamoja ni raha kwako, lakini kwa mshambulizi ni shabaha moja tu.

Estonia, iliyoshambuliwa 2007, ilitoa mkakati wake 2008. Kisha ikaunda kikosi cha kujitolea: wataalamu wa kompyuta wenye ajira zao za kawaida, wanaofanya mazoezi pamoja kabla ya shambulio kuja.