Kabla Hujampa Mjenzi Arbuni Yako

Naishi Brussels, Ubelgiji, kwa binti yangu. Kila asubuhi natembea taratibu hadi Chaussée de Wavre, kwenye mtaa uitwao Matonge, jina ambalo Wakongo walilileta kutoka Kinshasa. Hapo pana vinyozi, maduka ya vitenge, ndizi, muhogo na samaki wakavu, na pana mkahawa ambao sisi wazee hukaa kunywa kahawa. Wako watu wa Bukavu, wa Goma, wa Bujumbura, na sisi wachache wa pwani. Siasa tunaigusa kidogo tu. Kinachotukalisha ni habari za nyumba: nani anajenga kwao, amefika wapi, na nani ameliwa.

Wiki iliyopita mpwa wangu aliyeko Seeb alinipigia simu. Anataka kujenga Zanzibar, na mjenzi aliyempata anadai nusu ya fedha zote kabla ya kuchimba msingi. "Mjomba, unasemaje?" Nilimwambia asitume hata baisa moja mpaka nimwandikie. Haya ndiyo niliyomwandikia, na nimeona huenda yakawafaa na wengine.

Kwanza niseme kwa nini nina la kusema. Nilikuwa karani kwa zaidi ya miaka 30. Mapadri walionisomesha walinizoesha kuandika kila kitu daftarini, na kazini nilihesabu mali za watu bila kupoteza hata msumari. Lakini nilipojenga nyumba yangu mwenyewe miaka ya tisini, nikiwa mbali, sikuandika kitu. Nilimwamini mtu kwa kuwa tulikua pamoja. Nilituma fedha kwa mafungu miaka minne, nikaletewa picha. Niliporudi nilikuta kuta zina nyufa za kupitisha kidole, linta hazina nondo za kutosha, na kiwanja chenyewe kinadaiwa na watu wengine wawili. Marehemu mke wangu alikwisha chagua rangi ya mapazia. Hakulala ndani ya nyumba ile hata usiku mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo niliijua tangu utotoni, nikaisahau siku niliyoihitaji.

Ardhi kabla ya fundi

Usizungumze na mjenzi yeyote kabla hujajua ardhi ni ya nani. Kwa sheria ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali. Unachopata wewe ni haki ya kuitumia, na haki hiyo hupewa Mzanzibari. Ndugu zetu wenye pasi ya nchi nyingine wamwone mwanasheria kwanza, wasitosheke na maneno ya dalali. Muulize sheha wa shehia ile na majirani wa pande zote nne, kisha hakikisha hati katika ofisi ya ardhi. Halafu kibali cha ujenzi. Mjenzi akikwambia, "Tuanze tu, kibali kitafuata," huyo ameshakuonyesha tabia yake.

Mjue unayempa kazi

Hapa Ubelgiji kila kampuni ina namba katika daftari la serikali, na mtu yeyote anaweza kuitafuta kwenye intaneti bila malipo. Tanzania Bara iko Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na wakandarasi wamepangwa kwa madaraja, la kwanza hadi la saba, kwa ukubwa wa kazi wanazoruhusiwa. Popote unapojenga, omba namba ya usajili, kisha uihakikishe mwenyewe.

Lakini karatasi haitoshi. Mwombe akupeleke kwenye nyumba tatu alizojenga, na angalau moja iwe imeshapigwa na masika mawili. Zungumza na mwenye nyumba, yeye hayupo. Uliza mambo matatu tu: mvua inaingia? Alimaliza kwa wakati? Bei ya mwisho ilikuwa ile ya mwanzo?

Msanifu asiwe mtu wa mjenzi

Ubelgiji, tangu sheria ya tarehe 20 Februari 1939, kazi ya ujenzi inayohitaji kibali kwa kawaida haina budi kuwa na msanifu majengo, achore ramani na asimamie kazi, na sheria hiyo hiyo inamkataza kuwa mkandarasi. Sababu yake ni nyepesi: anayekagua asiwe anayelipwa na anayekaguliwa. Kwetu, mtafute mhandisi wako, umlipe wewe, aje kukagua msingi kabla haujafukiwa, nondo kabla ya kumwaga zege, na paa kabla ya dari.

Ukimweka ndugu asimamie, mlipe naye. Ndugu anayesimamia bure huona haya kuuliza, nawe huona haya kumhesabia.

Mkataba na fedha

Hapa ndipo penye jibu la mpwa wangu. Ubelgiji ina sheria iitwayo Breyne, ya tarehe 9 Julai 1971, kwa anayejengewa au kuuziwa nyumba ambayo bado haijakamilika. Siku ya kutia saini, arbuni isizidi asilimia 5. Baada ya hapo, malipo yasipite thamani ya kazi iliyokwisha fanyika. Nyumba hupokewa mara mbili, mara ya muda na mara ya mwisho, na kati yake upite mwaka mmoja au zaidi. Juu ya hayo, mjenzi na msanifu wanabeba dhamana ya miaka 10 kwa kasoro kubwa za uimara wa jengo, na tangu Julai 2018 mkandarasi wa nyumba za kuishi analazimika kuikatia bima dhamana hiyo.

Sisi hatuna Breyne, lakini hakuna anayekuzuia kuiandika yako ndani ya mkataba. Gawa malipo kwa hatua: arbuni ndogo, msingi, kuta hadi linta, paa, plasta, umaliziaji. Kila fungu litoke baada ya mhandisi kuona. Zuia sehemu ya mwisho mpaka masika yapite. Ambatisha ramani na orodha ya vifaa, na kila kifaa kiandikwe aina na kipimo. Ukibadilisha chochote, bei yake iandikwe kabla ya kazi kufanywa.

Vifaa

Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi hula nondo. Ukatae hata ukiwa wa bure. Hesabu matofali kwa mfuko: mafundi niliowauliza wanasema mfuko wa saruji wa kilo 50 utoe matofali 30 hadi 35 ya inchi 6. Ukisikia 50, ujue unanunua mchanga uliopakwa rangi. Na zege limwagiliwe maji siku saba kwa uchache. Linalokaushwa na jua mapema hupasuka.

Mpwa wangu amempelekea yule mjenzi masharti haya, na mpaka leo hajajibiwa. Jana kaniuliza kama amempoteza fundi mzuri aliyekuwa rahisi. Nimemwambia rahisi huvunja upishi. Awatafute wengine watatu, awape ramani moja na orodha moja, kisha alinganishe. Na anunue daftari.