Barabara Inayoota Migongo

Msomaji mmoja aliyesafiri kutoka Marsabit hadi North Horr ameniuliza: "Greda lilipita juzijuzi tu. Mbona barabara imesharudi kuwa kama bati?"

Anayeijua safari hiyo anaijua karaha yake. Ukishaiacha lami ya Isiolo–Moyale, jangwa la Chalbi linafunguka mbele yako: mawe meusi, chumvi, ngamia, na mwendo mrefu bila kupishana na gari. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 459,785 katika kaunti nzima ya Marsabit, yaani kama sita kwa kilomita ya mraba. Magari ni machache, na bado meno yanagongana.

Tukubaliane kwanza kuhusu jina. Matuta tumeyapa kazi ya kupunguza mwendo, na mawimbi tuyaachie bahari. Mimi nasema migongo. Fundi wa paa akitaja bati la migongo, kila mtu anaiona mistari hiyohiyo. Tena migongo hii haichongwi na mtu. Barabara yenyewe inaiota.

Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha jaribio ninalolipenda mno. Walizungusha meza ya duara iliyojaa mchanga, juu yake gurudumu moja likibingirika, bila injini wala springi. Migongo ikaota. Wakaweka mchele, ikaota vilevile!

Mfikirie mtoto anayerusha kijiwe bapa ziwani. Kikienda polepole kinazama. Kikienda kasi, maji hayawahi kukipisha, yanakisukuma juu. Kinaruka, kinatua, kinaruka tena. Gurudumu ndilo kijiwe, mchanga ndio maji. Likikuta kivimbe cha punje chache tu, linapanda, linainuka, kisha linatua kwa kishindo na kuchimba. Mchanga uliosukumwa mbele unakuwa kivimbe kipya cha kurukia. Ila maji hujifunika papo hapo, na mchanga hubaki na alama. Ingekuwa ziwa halijifuniki, kijiwe cha mtoto wa pili kingeteleza katika kishimo cha kwanza na kukizidisha, cha tatu vivyo hivyo, hadi ziwa lote liwe na safu za vishimo. Hivyo ndivyo kila gari linavyorithi miruko ya lililotangulia.

Kuna kasi ambayo chini yake gurudumu hulainisha tu, lakini ni ndogo, kama ya mtu anayekimbia polepole. Hakuna dereva wa Chalbi atakayeivumilia. Unyevu na aina ya udongo pia vina mchango katika kuota kwa migongo.

Kwa hiyo greda halikukosea. Lilitandika mchanga laini, na magari yakaendelea kuruka. Jaribio lilionyesha jambo jingine pia: migongo husogea taratibu kufuata uelekeo wa gurudumu. Kila gari liendalo North Horr huisukuma migongo kidogo, nayo ikaelekea North Horr.