Butere, Mwisho wa Reli

Muulize mtu wa Mombasa reli yetu inaanzia wapi, atakuonyesha Kilindini bila ya kusita. Muulize inakoishia, atakwambia Kisumu au Kampala. Ni wachache watakaoutaja Butere, mji mdogo wa Kakamega, kilomita 69 kwa reli kutoka Kisumu.

Nchi ile si ngeni kwetu watu wa pwani. Kabla ya reli, misafara ya wazee wetu ilipiga kambi Mumias, jirani ya Butere, kwa Nabongo Mumia, aliyewatawala Wawanga tangu 1882. Waliuza nguo na ushanga, wakanunua pembe, na wakaacha kilichodumu kuliko pembe: Uislamu na Kiswahili.

Reli ilipofika Kisumu, Desemba 1901, biashara iligeuza uso. Bidhaa zikapanda mabehewa, njia ya misafara ikaota majani. Mwaka 1920 makao ya serikali nayo yakahamishwa kutoka Mumias kwenda mjini Kakamega.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 tawi la Kisumu likapita Maseno, Luanda na Yala, likakoma Butere. Mumias haikulipata. Wala mji wa Kakamega haukulipata, ijapokuwa mwaka 1931 dhahabu ilivumbuliwa huko. Reli kuu ya Uganda ilishapitia Eldoret, ikafika Kampala mwaka huo huo wa 1931. Butere ikawa ncha tu.

Lakini ncha hiyo ilikuwa mlango. Mahindi yalitokea hapo, na vijana pia, wakienda kutafuta kazi Nairobi na bandarini kwetu Mombasa. Wengi wa majirani zetu wa Kiluhya ni wajukuu wa safari hizo. Kisha barabara ziliongezeka, mabasi na matatu yakachukua abiria, na njia ikanyamaza kwa miaka hadi ilipokarabatiwa mwanzoni mwa miaka ya 2020.

Ndugu msomaji, mimi naona funzo. Butere ilipewa reli, na garimoshi liliponyamaza stesheni ikapoa. Mumias ilinyimwa reli, lakini adhana yake, iliyoitangulia filimbi ya garimoshi, haikunyamaza. Chuma huletwa na serikali, na serikali yaweza kukiacha kipate kutu. Kilichopandwa na watu kwa ujirani, kuuziana na kuozana hakingoji ratiba ya stesheni. Kabla ya kuililia reli, tuuenzi ujirani huo.